Zebaki haifi kwa moto

"Papa namchemsha, namwaga maji, kisha namkaanga. Sumu gani itabaki?" Karibu kila mama mjamzito anayekuja kwangu kwa ushauri wa lishe hapa Mombasa hunijibu hivyo nikimwambia amwache papa kwa sababu ya zebaki. Basi leo tulimalize.

Moto huua vijidudu. Zebaki ni metali, haina uhai wa kuuawa. Ndani ya samaki huwa katika hali ya methilizebaki, iliyoshikana na protini ya nyama yenyewe, kwa hiyo hata ukibandua ngozi na kutia ndimu, huitoi. Ng'onda ndiyo mbaya zaidi. Jua hukausha maji, zebaki ikabaki, na kipande cha papa mkavu kikawa na zebaki nyingi kuliko kibichi cha uzito uleule. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa sumu ya zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, walikuwapo akina mama waliokula samaki wenye zebaki wakaonekana wazima, watoto wao wakazaliwa na ubongo ulioharibika.

Na PCB, zile kemikali za mafuta ya transfoma za zamani, ambazo nazo huingia kwa samaki? Zilitiwa humo kwa sababu zinastahimili joto! Karai la viazi pale Mwembe Tayari hufika nyuzi 180 hivi. Tanuri la kuteketeza PCB huhitaji zaidi ya nyuzi 1,100. Nafuu ni kwamba hizi hukaa kwenye mafuta, hivyo ukitupa ngozi, maini na mafuta ya tumbo, ukamchoma samaki juu ya makaa, utazipunguza. Kwa zebaki hilo halifai kitu. Hapo ni kuchagua samaki tu.

Papa na nduwaro huishi miaka mingi wakila samaki waliokwisha kula wengine, na sumu ya wote inarundikana kwao. Tasi anakula mwani. Dagaa haishi sana. Ukiwa na mimba, dada, mwache papa, mwache nduwaro. Tena anza miezi sita kabla ya kubeba mimba, maana nusu ya zebaki iliyomo mwilini huchukua kama miezi miwili kutoka.

Maziwa hayaitoi. Usinywe kwa nia hiyo.

Macho maangavu na mashavu mekundu yanakuonyesha samaki hajaoza, basi. Zebaki huonekana maabara.

Wengine huniambia, "Bahari ni kubwa, itazimeza." Sumu hizi haziyeyuki kwa urahisi majini, zinanata kwenye matope, na hori za Tudor na Port Reitz zimejaa matope ya mikoko, ambamo kaa na chaza hupata riziki. DDT nayo, dawa ya kuua wadudu, Kenya iliikataza kwenye kilimo mwaka 1986, lakini mabaki yake, DDE, hudumu miongo.

Wapo wanaoinuka wakisema basi samaki wataacha kabisa. Hao nawaketisha tena. Mafuta ya samaki hujenga ubongo wa mtoto tumboni, na kuyakosa ni hasara nyingine. Nunua tasi, pono au dagaa, ule mara mbili au tatu kwa wiki.