Mwili wa mtu anayepiga kafi usiku na mchana unaanza kuachia wapi?

Watu wakisikia kuna mtu kapiga kafi kilomita mia saba karibu bila kulala, cha kwanza wanachouliza ni mabega, huyo mtu mabega yake yakoje. Hata vijana wanaokuja kwenye idara yetu ya tiba ya michezo wanaojiandaa na mbio za mitumbwi wanataka tuwape mazoezi ya kifua na mikono, basi, wanaona hapo ndo kila kitu kilipo. Sasa naomba niseme jambo ambalo tunalirudia kila msimu: kwenye safari ndefu sana misuli mikubwa mara nyingi sio inayomtoa mtu majini, kinachomtoa ni kano ndogo za kifundo cha mkono, ngozi ya makalio, tumbo, usingizi na chumvi iliyopo kwenye damu. Vitu vidogo ambavyo kwenye mbio za dakika kumi hata huvihisi, ila ukivipa masaa ishirini au siku tatu ndo vinaamua nani anafika.

Tunaongelea nini hasa? Uingereza kuna mbio za Devizes mpaka Westminster, zipo tangu 1948, kilomita 201, na njiani watu wanatoa boti majini na kukimbia nazo mabegani mara 77 kwa sababu ya milango ya maji ya mfereji. Kanada kuna Yukon River Quest, kilomita 715 kutoka Whitehorse hadi Dawson. Marekani kuna Texas Water Safari, maili 260 mwezi wa Juni kwenye joto la Texas, mtu anapewa masaa 100 tu awe amefika baharini. Na Afrika Kusini wana Dusi, kutoka Pietermaritzburg hadi Durban, kama kilomita 120 kwa siku tatu, ilianza 1951. Kwetu huku mbio za mitumbwi za Ziwa Victoria ni fupi ukilinganisha na hizo, lakini mvuvi anayepiga kafi usiku kucha na asubuhi anarudi anapambana na upepo, mwili wake unapitia mengi kati ya haya, tena hana timu wala daktari anayemsubiri ufukweni, kwa hiyo haya mambo yanamhusu yeye pia.

Tuanze na mikono. Misuli ya mikono na mabega ni midogo kuliko ya miguu, kwa hiyo kwa kazi ileile moyo unapiga haraka zaidi na presha ya damu inapanda zaidi kuliko ungekuwa unatumia miguu. Ndo maana mkimbiaji mzuri tu ukimweka kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa michezo, anashangaa anahema ndani ya dakika chache. Wanaoweza kwenda mbali hawavuti kwa mikono, wanazungusha kiwiliwili na kusukuma kwa mguu ndani ya boti, mkono kazi yake ni kushikilia kafi tu. Ukiona mtu anapiga kafi kiwiliwili kimetulia kabisa na viwiko ndo vinafanya kazi yote, jua huyo hata nusu ya safari bega litakuwa limeshaanza kulalamika.

Lakini hata mwenye mtindo mzuri kuna sehemu hawezi kuikwepa, nayo ni kifundo cha mkono. Piga hesabu kidogo: kafi mara 60 kwa dakika ni mara 3,600 kwa saa, na kwa masaa 20 ni mara 72,000. Kila mara vidole vinakaza na kulegea, kifundo kinakunjwa na kunyooshwa. Kano zinazopita pale kwenda kwenye vidole zimevikwa ala yenye ute, zinateleza ndani yake kama kamba inavyopita kwenye kapi la jahazi, sasa msuguano ukizidi ile ala inavimba, nafasi inakuwa finyu, na kano inaanza kukwaruza. Ukiweka kidole juu ya kigasha cha huyo mtu akachezesha mkono unaihisi kabisa ikisaga, kama kuna mchanga ndani. Watafiti wa Afrika Kusini walifuatilia wapiga kafi kwenye mbio zao ndefu, wakachapisha majibu 1999, na kwa wastani asilimia 23 ya washindani walipata hili tatizo, zaidi kwenye mkono wanaoutumia sana. Waliokuwa wanafanya mazoezi ya zaidi ya kilomita 100 kwa wiki katika wiki nane za mwisho waliumia kidogo kuliko wengine, na siku za upepo na maji yenye mawimbi zilileta majeruhi zaidi. Mimi huo utafiti naupenda kwa sababu unaonyesha kinga ipo, nayo ni kuzoesha mwili mapema, sio gloves za bei wala mkanda wa kufunga mkono asubuhi ya mashindano. Na jambo lingine ambalo makocha wetu wanajua: shika kafi kwa kulegeza. Mkono wa juu unaposukuma, fungua vidole, vipumzike hata nusu sekunde, maana kukaba kafi muda wote ndo kunaua kigasha.

Ngozi nayo. Maji yanalainisha ngozi, chumvi inakaa kwenye mishono ya nguo inasugua, na jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na lile linaloakisi majini. Mfano mkubwa ni Aleksander Doba wa Poland, huyu mzee alivuka bahari ya Atlantiki kwa kayaki peke yake mara tatu, ya kwanza alitoka Dakar mwaka 2010 akafika Brazil 2011 baada ya karibu siku 99, na ya mwisho mwaka 2017 alitoka New Jersey akafika Ufaransa akiwa na miaka 70, siku 110 majini. Chumvi ilimtoa vipele na malengelenge kwapani na kwenye kinena, macho yakavimba, kucha zikaanza kuachia, mpaka akaamua kupiga kafi bila nguo maana kitambaa chenye chumvi kilikuwa kinamuumiza kuliko jua. Mabega yake wala hayakuwa stori kubwa. (Huyu Doba alikuja kufariki kwetu Tanzania, Februari 2021, juu ya Kilimanjaro, alifika kileleni akakaa kupumzika na hakuinuka tena, alikuwa na miaka 74.) Kwa hiyo tukisema mtu ajipake mafuta mazito kwapani, kinenani na makalioni kabla ya kuanza na aendelee kujipaka njiani, hatusemi mambo ya urembo, lengelenge likipasuka kwenye maji machafu linakuwa mlango wa bakteria.

Kukaa kwenyewe ni mzigo. Mfupa wa makalio unabana ngozi na mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi, damu inatuama chini. Mtu akifika kituoni akasimama ghafla presha inashuka anaanguka, tumeona wengi wanachubuka magoti ufukweni na sio kwenye mbio. Na ukikaa masaa mengi huku umepungukiwa maji hatari ya damu kuganda kwenye mguu inaongezeka, kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu usisubiri, nenda hospitali.

Sasa chakula, na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Mpiga kafi wa masaa 18 kwa siku anaweza kuunguza kilokalori 8,000 na kuzidi. Unaweza kusema basi ale za 8,000, shida ni kwamba tumbo halikubali. Mwaka 2019 timu ya watafiti, mmoja wao Herman Pontzer, yule aliyewahi kufanya kazi na Wahadzabe huku kwetu karibu na Ziwa Eyasi kupima nguvu wanazotumia kwa siku, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji waliovuka Marekani nzima kwa miezi kadhaa pamoja na takwimu za mashindano mengine marefu. Walichokuta ni kwamba kazi ikiendelea wiki kwa wiki matumizi ya mwili yanashuka na kutulia kwenye kama mara mbili na nusu ya zile nguvu ambazo mwili unatumia ukiwa umelala tu, na wanafikiri sababu ni utumbo, hauwezi kufyonza zaidi ya hapo. Kwa mwanaume wa kilo 70 hiyo ni kama kilokalori 4,000 na kidogo kwa siku. Zaidi ya hapo unakula mwili wako mwenyewe, mafuta kwanza na misuli pia. Mama mjamzito kwa miezi yake yote anaishi karibu kabisa na hicho kiwango, mara 2.2 hivi, na mimi hiyo namba huwa nawaambia wanamichezo wanaodhani wao ndo wanafanya kazi ngumu kuliko wote duniani.

Kwenye mbio ya siku moja au tatu unaweza kuvuka hicho kiwango, ila bado tumbo lina masharti yake. Damu nyingi iko kwenye misuli, tumbo limebaki na kidogo, ukilijaza linarudisha. Gramu 60 mpaka 90 za wanga kwa saa ndo wengi wanaziweza, tena wakiwa wamelizoesha tumbo mazoezini. Ndizi mbivu, kiazi kitamu kilichochemshwa, uji wenye sukari kwenye chupa, vyote vinafanya kazi vizuri tu, hulazimiki kununua vile vipakiti vya nje.

Maji ndo yanaua. Nasema hivi kwa uzito kabisa. Wengi wamefundishwa kunywa, kunywa, kunywa, na joto likiwa kali wanakunywa lita na lita za maji matupu. Wakati wa kazi ndefu mwili unatoa homoni inayozuia figo kutoa maji, kwa hiyo maji yanabaki, sodiamu (ile chumvi) kwenye damu inashuka chini ya milimoli 135 kwa lita, na maji yanaingia kwenye seli za ubongo, ubongo unavimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Mwaka 2012 mshiriki mmoja wa Texas Water Safari alifariki kwa tatizo hili hili. Dalili zake zinadanganya: kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba mpaka pete inabana, anaongea vitu visivyoeleweka, alafu degedege. Wenzake wanaona kama kakaukiwa maji wanamwongezea maji, ndo wanammaliza. Kunywa ukisikia kiu, weka chumvi kwenye chakula na kinywaji, na mtu akianza kuchanganyikiwa majini usimpe maji matupu, mtoe mpeleke kwa daktari na useme amekunywa kiasi gani.

Linaloendana na hilo ni mkojo. Misuli iliyotumika kupita kiasi inapasuka seli zake na protini yake inamwagika kwenye damu inaenda kuziba figo, mkojo unakuwa wa kahawia iliyokolea, rangi ya chai ya rangi. Huyo ni mgonjwa wa dharura. Na hapa nawaomba sana, sana, acheni kumeza diklofenaki na ibuprofeni kabla ya mbio au katikati, hizi dawa zinapatikana kila duka na watu wanazila kama karanga, lakini zinapunguza damu inayofika kwenye figo muda uleule ambao figo zimeelemewa. Maumivu ya mkono yanavumilika au yanakutoa kwenye mbio, figo ikifa ni dayalisisi, kusafishwa damu kwa mashine.

Usingizi. Ukikaa macho masaa 17 unafanya mambo kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na masaa 24 ni kama 0.10, ambayo nchi nyingi haziruhusu dereva awe nayo. Usiku wa pili kwenye mto Yukon watu wanaona sura za watu kwenye miamba, wanasikia sauti, wanaona daraja ambalo halipo. Hayo maruweruwe sio mashetani wala mtu kuchanganyikiwa kichwa, ni ubongo unaota huku macho yako wazi, na waandaaji wanalijua ndo maana wanalazimisha watu kupumzika, jumla masaa 10. Daktari mmoja Mjerumani, Hannes Lindemann, aliyevuka Atlantiki kwa kayaki ya kukunja mwaka 1956 kwa siku 72, alitumia miezi kujiandaa akili kwanza, akijifundisha kwa kurudiarudia maneno machache mpaka yakawa yanamjia yenyewe hata usingizi umemzidi. Alikuwa na ujuzi wa daktari juu ya mwili wake mwenyewe na bado aliona na kusikia visivyokuwepo. Kwa mvuvi wa dagaa ushauri wetu ni mfupi: mkiwa wawili au zaidi lala kwa zamu, hata dakika ishirini zinasaidia, na vaa jaketi la kuokolea hata kama maji yametulia, anayesinzia hajui saa atakayoanguka.

Baridi nitaigusa tu: maji yanachukua joto la mwili kama mara 25 haraka kuliko hewa, kwa hiyo mtu aliyelowa, mwenye njaa na usingizi anaweza kupoa chini ya nyuzi 35 hata kwenye ziwa letu usiku wa upepo. Akiacha kutetemeka wakati bado ana baridi, hali imekuwa mbaya.

Baada ya kufika, zile siku mbili za kwanza angalia mkojo, angalia miguu, kula chakula chenye chumvi, na usirudi kwenye kafi mpaka kano iache kusaga ukichezesha mkono, hata kama hiyo ni wiki tatu. Ardhi ikionekana inayumba siku moja au mbili, hiyo ni kawaida, ubongo ulishazoea mawimbi. Kule Dusi wanajua vizuri kuharisha baada ya mbio, wameipa mpaka jina kwa sababu ya uchafu wa mto, sisi wa Victoria na Tanganyika tuna letu, kichocho, kinaingia kwa kupenya ngozi iliyolowa, hasa kwenye maji ya pembeni yenye majani na konokono pale unaposhusha na kupandisha mtumbwi. Hata kama hukuona dalili yoyote, nenda kapime wiki sita mpaka nane baadaye, ukikutwa nacho utapewa prazikwanteli.