Roba si usingizi: mambo ambayo kipande cha video hakikuonyeshi

Jumatatu iliyopita baba mmoja alimleta mwanawe wa miaka 14 kwenye mkeka wetu wa mazoezi ya kupigana hapa Dar es Salaam. Kijana alikuwa na nyuzi tatu juu ya nyusi. Shuleni, wakati wa mapumziko, mwenzake alimpiga roba, yaani alimkaba shingo, "kama ya UFC", ile kampuni ya Marekani inayoandaa mapambano ya MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali). Akazimia akiwa wima, wenzake wakamwachia, akaanguka na uso wake ukatua kwenye ngazi ya saruji. Nikadhani mzee amekuja kuomba ushauri wa namna ya kuzungumza na shule. La. "Mwalimu," akaniambia, "mfundishe na yeye hiyo roba, wakimrudia awalaze. Si ni usingizi tu? Mtu anaamka."

Si ni usingizi tu. Kauli hiyo mwaka huu nimeisikia kwa wazazi, kwa walinzi wa usiku wanaokuja kujifunza kujihami, kwa vijana waliojifunzia MMA kwenye simu, na mara moja kwa mwalimu wa michezo. Nimeijibu mtu mmoja mmoja mpaka sauti imekauka. Sasa naijibu kwa maandishi.

"Roba inakata pumzi, mtu analala kidogo, kisha anaamka"

Sisi tuliijua roba kabla ya kuijua MMA. Dar mtu hupigwa roba, Nairobi hupigwa ngeta, na wote wawili huamka bila simu na bila pochi. Kibaka anakuja kwa nyuma, anabana mfupa wa mkono kwenye koo na kuvuta. Hiyo kweli inakata pumzi, na inaweza kuvunja koromeo. Kwa hiyo watu wanapoona mpiganaji amemkaba mwenzake kwa nyuma kwenye oktagoni, ule ulingo wa MMA wenye uzio wa pembe nane, wanadhani wanaona kitu kilekile, isipokuwa huku kuna taa na watazamaji.

Sicho. Kabali safi ya jiujitsu, sanaa ya kupigana kwa kushikana na kukabana, haikusudii koo. Kiwiko kinakaa chini ya kidevu, koo lenyewe linabaki kwenye uwazi wa kiwiko. Msuli wa juu ya kiwiko unabana upande mmoja wa shingo, sehemu ya mkono iliyo chini ya kiwiko inabana upande wa pili. Kinachobanwa ni mishipa mikubwa miwili inayopeleka damu kwenye ubongo. Hewa inaweza kuwa inapita vizuri kabisa, na bado mtu akazimia.

Tofauti hii ndiyo roho ya somo, na ndiyo watu wanaipuuza. Mtu wa kawaida akibana pumzi anaweza kufika dakika moja, mzamiaji anazidi hapo. Ubongo uliokatiwa damu hausubiri hivyo. Kabali ikikaa sawasawa, mtu anazimia kwa kawaida kati ya sekunde 5 na 15. Anayeamini kuwa amekata pumzi anajipa muda ambao hana. Anaendelea kubana akisubiri mwenzake aanze kukoroma au kupapatika, kumbe ameshazimia zamani na kila sekunde inayoongezeka inakula ubongo. Ubongo ukikosa damu kwa dakika chache tu, madhara yake hayarudi nyuma.

Kingine, kuzimia si kulala. Aliyelala ubongo wake unafanya kazi, ukimgusa anageuka. Aliyezimia kwa kabali ubongo wake umezima kwa kukosa damu. Kwenye filamu za kijasusi shujaa anamjia mlinzi kwa nyuma, anamkaba sekunde nne, anamlaza taratibu sakafuni, na mlinzi analala mpaka filamu iishe. Hakuna kitu kama hicho duniani. Aliyebanwa vizuri na kuachiwa mara moja huamka baada ya sekunde kadhaa, mara nyingi haifiki nusu dakika, akiwa hajui yuko wapi. Asiyeamka ndani ya dakika moja si mtu aliyelala, ni mgonjwa wa dharura. Na hata aliyeamka akacheka hajamaliza hatari: ukuta wa ndani wa mshipa wa shingo unaweza kuchanika, damu ikaganda hapo, na kiharusi kikaja saa au siku kadhaa baadaye. Ni nadra, lakini mpira wa mapumziko shuleni hauna hatari ya namna hiyo, na mchezo huu wa kukabana unayo.

Sasa nijibu swali ninaloulizwa kila mara: mbona wale wa kwenye video wanaamka salama? Kwa sababu video mnayoiona imekatwa. Kipande cha sekunde kumi kinaanza mkono unapoingia shingoni na kuishia mshindi anaporuka juu ya uzio. Kilichoachwa nje ni refa. Tazameni pambano zima, msiangalie wapiganaji, mwangalieni yeye. Kabali ikiingia anapiga magoti, uso wake unakuwa shubiri moja kutoka uso wa anayekabwa. Anaangalia macho, anaangalia mkono kama umelegea, wakati mwingine anaunyanyua aone kama utaanguka. Ukilegea, anamrukia mkabaji na kumtoa. Nje ya uzio daktari ameshasimama. Yule mpiganaji anaamka salama kwa sababu watu wazima wawili wanalipwa kuhakikisha kabali inaachiwa mara tu anapozimia. Uwanjani shuleni refa ni nani? Mwenye simu anayerekodi?

Ndiyo maana naona kwamba MMA ilipoingia kwenye filamu, kwenye michezo ya video, na sasa kwenye TikTok, ilichukuliwa nusu. Dunia ilichukua pigo ikamwacha refa.

Kwangu sheria ni hizi na sizibadilishi. Kabali haifanywi bila mtu wa tatu anayetazama. Mwenzako akigonga, yaani akikupiga au kuupiga mkeka kwa kiganja kuonyesha amekubali kushindwa, unaachia papo hapo, humalizii. Akizimia, unaachia, unamlaza, unahakikisha anapumua, unamgeuzia ubavu. Humwagii maji mdomoni, humnusishi kitunguu, humpigi makofi. Siku hiyo amemaliza mazoezi, hata akilia kwamba yuko sawa. Na aliyeanguka kichwa baada ya kuzimia anakwenda hospitali, maana hapo kuna majeraha mawili na la pili ndilo mara nyingi baya zaidi. Yule kijana wa nyuzi tatu nilimrudisha kwa daktari siku hiyohiyo. Akiruhusiwa atakuja, na miezi ya mwanzo atajifunza kuanguka, kujinasua, na kugonga. Kukaba kutakuja mwisho kabisa. Mzee hakufurahi.

"Kugonga ni woga"

Ndugu wa damu wa dhana ya kwanza. Vijana wameona video za mpiganaji "aliyekubali kuzimia kuliko kugonga", na chini yake maoni elfu moja ya kumsifu. Wanakuja mkekani wakitaka sifa hiyo. Nimeshawafukuza wawili kwa sababu hii, na nitamfukuza wa tatu.

Mfano wanaoupenda ni wa Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiujitsu ya Kibrazili. Mwaka 1951, pale uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, alipigana na Mjapani Masahiko Kimura aliyemzidi uzito kwa mbali. Kimura alimpinda mkono vibaya, Hélio hakugonga, na mbano ule mpaka leo unaitwa kimura kwa heshima ya aliyeufanya. Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia. Wanasahau kwamba pambano lilisimamishwa na kaka yake, Carlos, kutoka pembeni. Hata shujaa wa kutogonga alikuwa na mtu wa kumgongea.

Na wanaodai kwamba kugonga kumeletwa na wazungu wa UFC watazame filamu ya mwisho aliyoikamilisha Bruce Lee, Enter the Dragon ya 1973, ambayo vibanda umiza vyetu vimeionyesha mpaka kanda zikakatika. Inaanza kwa pambano kati yake na Sammo Hung, glavu zao ndogo zimeacha vidole wazi kama za MMA ya leo, na linaisha Sammo Hung akigonga. Miaka 20 kabla ya UFC! Wote tuliiona, lakini tulichokwenda kuigiza uani ni mateke.

"Mchezo wenyewe hauna sheria"

Hii simlaumu mtu sana, kwa sababu ilianza kama tangazo la biashara. Tarehe 12 Novemba 1993, kwenye UFC ya kwanza kabisa mjini Denver, Marekani, watu wanane wa mitindo tofauti waliingizwa kwenye uzio wa pembe nane, na waandaaji wakanadi kwamba hakuna sheria. Haikuwa kweli hata usiku ule: kung'ata na kutia vidole machoni vilikatazwa. Lakini maneno "hakuna sheria" yaliuza, na yaliyouza ndiyo yaliyokumbukwa. Mshindi alikuwa Royce Gracie, mtoto wa yule Hélio, mwembamba kuliko wengi wao, aliyemaliza fainali dhidi ya Gerard Gordeau wa Uholanzi kwa kabali ya nyuma baada ya dakika 1 na sekunde 44. Bondia Art Jimmerson, aliyeingia na glavu mkono mmoja tu, aligonga alipolaliwa juu kabla hata hajakabwa.

Tangazo liliwarudi wenyewe. Mwaka 1996 seneta wa Marekani John McCain aliuita mchezo huo mapigano ya majogoo ya binadamu, akawaandikia magavana waupige marufuku. Majimbo mengi yakafunga milango na televisheni za kulipia zikaukimbia. Kilichouokoa ni sheria. Jimbo la New Jersey lilisimamia kazi ya kuziandika, na tangu 2001 ndizo zinazotumika sehemu kubwa ya dunia zikirekebishwa kidogo kidogo: raundi za dakika 5, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa ubingwa, madaraja ya uzito, na orodha ndefu ya makosa. Kumpiga mtu kisogoni, kwenye uti wa mgongo, kooni au kinenani, kumgonga kwa kichwa, kumvunja kidole kimoja kimoja, kumpiga teke la kichwa akiwa chini: yote ni makosa. Jiji la New York lilisubiri hadi Novemba 2016 ndipo ukumbi wake maarufu, Madison Square Garden, ukafungua milango kwa UFC. Mchezo usio na sheria usingeruhusiwa kukanyaga hapo.

Kwa hiyo mzazi anayeniambia "mwanangu anataka mchezo wa bila sheria" namkalisha chini namsomea makosa hayo moja moja. Wengine hawafiki katikati, wananiambia basi, nimeelewa mwalimu.

Nyingine, kwa ufupi

MMA si mieleka ya kwenye TV. Kule matokeo yamepangwa, ingawa kuanguka kwenyewe kunauma kwelikweli na wanamieleka wale ni wanamichezo wa haki. Naelewa kwa nini watu wanachanganya. Brock Lesnar alitoka WWE, kampuni ya mieleka hiyo ya TV, akachukua ubingwa wa uzito wa juu wa UFC mwaka 2008. Ronda Rousey, aliyepigana pambano la kwanza la wanawake ndani ya UFC mwaka 2013, aliingia kwenye filamu kisha kwenye mieleka, na tangu 2023 UFC na WWE ziko chini ya mwavuli mmoja, TKO. Tajiri mmoja, michezo miwili.

Glavu ndogo zisiwadanganye kuwa glavu kubwa ya ngumi ni mto wa kichwa. Glavu kubwa inalinda mkono wa anayepiga, na mkono uliolindwa unapiga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Halafu kwenye ngumi aliyeangushwa anahesabiwa, akisimama anarudishwa kupigwa tena. MMA haina hesabu hiyo. Glavu ndogo zinachana uso zaidi, hilo ni kweli. Lakini ubongo unatikisika ndani ya fuvu, na huko hakuna glavu inayofika. Ndiyo maana aliyelazwa kwa KO (pigo la kuzimisha) kwenye mapambano yanayosimamiwa vizuri anafungiwa kwa wiki kadhaa asiguse hata mazoezi ya kupigana. Huku kwetu nimeona mtu amepigwa KO Jumamosi na Jumanne yupo ulingoni anamsaidia mwenzake kujiandaa. Tafadhali, makocha wenzangu, hilo tuliache.

Walioniuliza kama wakifuzu wataweza kuwapiga vibaka watatu: hapana. Ukiwa chini umemkaba mmoja vizuri kabisa, wawili waliobaki hawazuiwi na uzio wowote, wanakupiga mawe. Wape simu.

Na wale wanaosema Mwafrika kwenye mchezo huu ana nguvu tu, ufundi ni wa wengine. Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria aliyetwaa ubingwa wa UFC mwaka 2019, alikuwa bingwa wa mieleka ya vyuo Marekani kabla hajarusha ngumi ya kulipwa. Francis Ngannou wa Cameroon, aliyechimba mchanga utotoni, anajulikana kwa kipande kimoja cha video: ngumi ya chini kwenda juu iliyomzima Alistair Overeem mwaka 2017. Kipande hicho kila mtu anacho kwenye simu. Pambano lake la Januari 2022 dhidi ya Ciryl Gane halisambazwi, kwa sababu halina KO. Ngannou aliingia akiwa na goti bovu, akazidiwa raundi mbili za mwanzo kwa kusimama, akabadili mpango, akaanza kumbeba Gane na kumlaza chini, raundi baada ya raundi, mpaka majaji wote watatu wakampa ushindi kwa pointi. Darasani kwangu tunalitazama lote, dakika 25, refa akiwemo.