Kabichi ya mikunjo: usimwage maji yake

Kabichi ya mikunjo ndiyo ipi?

Ni ile yenye majani yaliyokunjamana, kijani iliyokolea kwa nje. Huitwa savoi, kwa jina la Savoy, eneo la milima mpakani mwa Ufaransa na Italia. Ulaya huvunwa majira ya baridi, na jalidi, ule umande ulioganda kuwa barafu, huiongezea utamu.

Kigoma hakuna jalidi. Itafunga kichwa kweli?

Kasulu na Buhigwe, huko miinukoni, jaribu. Sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Machi, hamisha miche ikiwa na majani manne au matano, kila mmoja sentimita 50 kutoka kwa mwenzake, na samadi iliyooza shimoni. Hapo kipupwe cha Juni na Julai kitaikuta inafunga. Mvua ikikatika Mei, mwagilia. Ujiji, kwenye joto la ziwa, bora matembele na mchicha.

Mbona nikiipika inalegea na kunuka?

Umeichemsha mno, dada. Hapa ndipo huwa naumia: kabichi nzuri, umeihangaikia miezi mitatu, inachemshwa nusu saa na maji yanamwagwa nje. Vitamini C huharibiwa na moto, na huyeyukia kwenye maji hayo hayo, pamoja na folati, vitamini ambayo mjamzito anaihitaji sana. Osha jani moja moja, maana mikunjo huficha udongo na vidukari. Katakata wakati sufuria iko tayari. Kaanga kitunguu kwa mawese vijiko viwili, tia kabichi na maji yale tu yaliyobaki majanini, funika dakika tano, geuza mara mbili. Jani likiwa bado kijani na gumu kidogo menoni, epua. Mawese nayo usiyachome mpaka yawe meupe; ule wekundu ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A.

Ni kweli kabichi huleta goita, ule uvimbe wa shingo?

Ukipata madini joto ya kutosha, kabichi ya kawaida mezani haina neno. Shida ni kula mbichi nyingi kila siku, na ugali wa muhogo juu yake, huku chumvi haina madini joto: kabichi na muhogo huizuia tezi ya shingo kuyatumia madini hayo. Kupika hupunguza tatizo. Nunua chumvi yenye madini joto, ifunike vizuri, na uitie mwishoni.

Mama anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ale?

Ale, ila kiasi kile kile kila wiki. Kabichi hii ina vitamini K nyingi, na akiizidisha ghafla dawa hupungua nguvu. Msimu wa mavuno ukianza, amweleze daktari kabla ya siku ya kupima damu.