Je, wajua kwa nini jasho ndilo linalokugandisha Kilimanjaro?

Inapokaribia Desemba 9, vikundi vya Watanzania wanaojiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro kwa sikukuu ya Uhuru huanza kuonekana Memorial, soko la mitumba la Moshi, wakiulizia kitu kimoja: koti nene. Muuzaji naye anajua kazi yake. Anachomoa kwenye rundo koti lililotuna kama mto wa kulalia, analikung'uta, anasema, "Dada, hili ni la theluji kabisa, utalala nalo juu ya barafu." Hajadanganya. Ila ukilivaa kuanzia geti la Machame, moja ya njia za kupandia mlima, saa mbili baadaye utakuwa umelowa chapachapa kwa ndani, na jioni kambini utatetemeka kuliko mwenzako aliyepanda na vinguo viwili vyepesi.

Inakuwaje hivyo? Tuanze na jambo ambalo wengi hulichukulia kinyume: nguo haina joto. Joto linatoka kwako. Nguo kazi yake ni kushika hewa iliyotulia karibu na ngozi, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo maana sweta lenye nafasi nafasi kati ya nyuzi zake linahifadhi joto kuliko kitambaa kizito kilichoshonwa bapa. Sasa toa hiyo hewa, weka maji. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Nguo ileile iliyokuwa inakulinda inageuka bomba la kutolea joto lako nje.

Halafu kuna kukauka kwenyewe. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto jingi sana: lita moja ya jasho ikikauka mwilini inachukua joto ambalo lingetosha kufikisha karibu lita saba za maji ya bomba kwenye kuchemka. Ukiwa njiani unapanda, hilo ni jambo jema, mwili unapozwa. Ukishakaa chini kusubiri chai, misuli imeacha kuzalisha joto lakini nguo inaendelea kukauka kwa gharama yako.

Na Kilimanjaro haikupi nafasi ya kukosea sana. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Moshi mjini ipo chini ya mita 900, Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Tofauti ni kama mita 5,000, yaani nyuzi 30. Usiku ambao mtu wa Majengo, Moshi, anajifunika shuka moja kwa nyuzi 18, kileleni inaweza kuwa nyuzi 12 chini ya sifuri, na upepo hujauhesabu bado. Arusha nako, anayepanda Meru, mita 4,566, anapigiwa hesabu hiyohiyo, isipokuwa yeye ana nafuu ya kulala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle badala ya hema kama wa njia ya Machame.

Lakini angalia safari inavyoanza. Siku ya kwanza ya njia ya Machame ni msitu mtupu, unyevu, tope, mara nyingi mvua, na unapanda kama mita 1,000 kwa miguu. Hapo ndipo watu hulowa, si kwenye barafu. Desemba bado kuna vuli, kwa hiyo nje mvua, ndani jasho. Aliyelowa siku hiyo anaweza kuzibeba nguo mbichi mpaka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, maana juu kwenye ukungu na jua la kuibia nguo nene haikauki.

Pamba hapo ndiyo inayowaponza wengi. Fulana ya kampeni, jinzi, soksi za shule, suruali ya mazoezi ya bei nafuu: zote pamba, au pamba kwa sehemu kubwa. Uzi wa pamba unapenda maji. Unayanywa, unayashikilia, unalala bapa juu ya ngozi na hewa yote inatoka. Simaanishi pamba ni kitambaa kibaya. Mchana wa Februari pale stendi ya Moshi hakuna nguo bora kuliko fulana ya pamba, kwa sababu hiyohiyo kwamba inashika jasho na kukupoza. Mlimani ndipo sifa hiyo inakugeuka.

Poliesta ni kinyume chake. Uzi wenyewe hunywa maji chini ya asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo jasho linasambaa juu juu na kukauka haraka. Jezi ya mpira, ile unayochezea bonanza Jumamosi, mara nyingi ni poliesta tupu, na inafaa kabisa kuwa nguo ya kwanza mwilini. Sufu ya kondoo ni bora zaidi kwa wenye nayo: inaweza kumeza mvuke kufikia karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, na hainuki upesi. Kwa soksi ningesema usibane matumizi. Tafuta za sufu, jozi mbili au tatu, na moja usiivae kabisa mpaka usiku wa kileleni, ule wa kupanda kilele.

Basi wapanda milima huvaa tabaka tatu. La kwanza, linalogusa ngozi, ni la kuondoa jasho. La pili ni la kushika hewa, kama flisi, lile sweta laini lenye manyoya manyoya ambalo mitumbani limejaa na halina thamani kubwa machoni pa wengi. La tatu ni koti jembamba la kuzuia upepo na mvua. Koti lililotuna, lile la muuzaji wetu, ni la nne, nalo linakaa kwenye begi. Unalitoa ukisimama, ukifika kambini, na usiku wa kileleni. Kanuni ya waongozaji ni kwamba ukianza kutembea huku unahisi kibaridi kidogo, umevaa sawasawa. Na ile "pole pole" wanayoimba kila dakika, pamoja na kusaidia mwili kuzoea hewa nyepesi, inapunguza jasho pia.

Makoti mengi ya theluji yaliyopo mitumbani yametoka kwa watelezaji wa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, wa Ulaya na Marekani, na humo kuna makundi mawili ambayo muuzaji hatakutenganishia. Wapo wanaopandishwa mlima na viti vya kuning'inia vya umeme, kisha wanateleza kushuka. Hao wanakaa tuli kwenye upepo, kwa hiyo koti lao lina pamba bandia nene ndani. Utalitambua kwa kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto, cha kuwekea kadi ya kupandia vile viti, na kile kisketi cha mpira kiunoni kwa ndani kinachozuia theluji isiingie mtu akianguka. Kundi la pili hupanda kwa miguu yao nje ya njia zilizoandaliwa, wamebandika chini ya skii vitambaa vyenye manyoya ili zisirudi nyuma. Hao hutoka jasho kama wewe wa Machame, na makoti yao ni membamba, hayana kitu ndani, na mara nyingi yana zipu kwapani za kutolea joto. Ukiona zipu kwapani, simama hapo kwanza.

Kisha ligeuze ndani nje. Kwenye kila mshono wa koti la mvua la kweli kuna utepe mwembamba uliobandikwa kwa joto kuziba matundu ya sindano. Upitishe kidole. Ukiwa umeanza kubanduka, au kitambaa cha ndani kinatoa vumbi jeupe kama mba, gundi imezeeka na maji yatapita hapo. Rudisha hata kama nembo ni ya Gore-Tex, ule utando maarufu wa kuzuia mvua. Omba maji kidogo, nyunyizia begani. Yakikusanyika kuwa matone na kuteleza, vizuri. Yakinyonywa na kuacha doa jeusi, hilo haliui biashara: ni dawa ya juu tu imeisha na inaweza kurudishwa kwa dawa mpya ya kupulizia. Lakini likiachwa hivyo, mvuke wa jasho unashindwa kutoka, kwa sababu utando wa ndani umefunikwa na maji kwa nje. Utalowa na utalaumu koti kwamba linavuja.

Viatu vina mtego mbaya kuliko wote, na ni mtego usioonekana. Buti nyingi za mlimani zina soli ya kati ya poliyurethani. Kemikali hiyo huvunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kabatini hakijavaliwa. Ndiyo maana buti inayong'aa, ngozi nzima, soli ya chini haijalika, inaweza kuachia soli yote siku ya tatu pale kambi ya Barranco. Ikunje kwa nguvu dukani, minya ile sehemu ya kati kwa kidole gumba. Ukiona nyufa nyembamba au inamomonyoka kama keki kavu, usiibebe hata kwa bure. Jaribu buti jioni, mguu ukiwa umevimba, na soksi utakayoivalia. Vidole vichezecheze. Kiatu kinachobana hakikupi joto, kinazuia damu isifike vidoleni. Na soksi ya pili ukiilazimisha humo ndiyo inazidisha. Kumbuka pia siku ya kileleni unashuka kutoka mita 5,895 mpaka kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, na kila hatua vidole vinagonga mbele. Kata kucha kabla ya safari.

Begi la kulalia si lazima ununue. Kampuni na maduka ya Moshi na Arusha hukodisha. Swali la kuuliza ni moja: namba iliyoandikwa ni ya nini? Mabegi yaliyopimwa kwa viwango vya kimataifa huwa na namba zaidi ya moja: ya kulala kwa raha, ya kikomo, na ya hatari, ile ya kunusurika tu usife. Wengine huandika kwa herufi kubwa hiyo ya mwisho. Wewe tafuta ya raha. Chini yake lazima pawe na godoro la sponji, kwa sababu uzito wako unakandamiza begi mgongoni, hewa inatoka, na ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Ningepewa shilingi za kuongeza kwenye kitu kimoja, ningeongeza kwenye godoro kabla ya begi. Na usilale na nguo ulizotembea nazo hata ukiziona kavu.

Miwani ya jua, losheni, kofia, tochi ya kichwani na betri za akiba sizielezi sana, kila kampuni itakuorodheshea. Glavu chukua jozi mbili: nyembamba ndani, kubwa juu.

Mizani ya getini ndiyo inayokata mjadala wa "nibebe na hiki". Mzigo wa mpagazi Kilimanjaro una ukomo wa kilo 20, na kampuni nyingi huwaomba wapandaji begi lao lisizidi 15. Hapa kuna jambo ambalo wateja hawalioni. Wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa huku kwetu, wanapanda haraka wakiwa na mzigo, kwa hiyo wao ndio wanaotoka jasho kuliko wote, kisha wanafika kambini mapema na kukaa kwenye baridi wakisubiri wageni. Mtu wa namna hiyo akiwa na fulana ya pamba na raba zilizochakaa, yuko hatarini kuliko mteja mwenye koti la dola mia tano. Kilimanjaro Porters Assistance Project, mradi wa kusaidia wapagazi ulioko Moshi, huwaazima wapagazi nguo na viatu vya mlimani bila malipo, na sababu ni hiyohiyo. Ukibakiwa na flisi baada ya kushuka, pale haitakaa kabatini.

Limebaki suala la maji usiku wa kileleni. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani, kwa hiyo utakuwa na chupa ngumu, au ule mfuko wa maji wenye mrija. Mrija ni mwembamba, unaganda wa kwanza. Saa tisa usiku juu ya kambi ya Barafu unaweza kuwa na lita mbili mgongoni usizoweza kuzinywa. Chukua chupa ya mdomo mpana, ijaze maji ya moto, ivalishe soksi, iweke kichwa chini. Barafu huanzia juu kwa sababu maji hufikia uzito wake mkubwa kwenye nyuzi 4, kisha yakizidi kupoa yanakuwa mepesi na kupanda. Chupa ikiwa imegeuzwa, kinachoganda ni kitako na mdomo unabaki wazi. Simu nayo iweke mfuko wa ndani kabisa, karibu na kifua. Ikizima ghafla ikiwa na chaji nusu, usiitukane. Betri haijafa, kemia yake imepunguza mwendo kwa baridi. Ikae kwapani dakika kadhaa, uiwashe upya.