Je, wajua chozi humuuaje bakteria?

Jicho liko wazi kutwa nzima. Vumbi huingia, moshi wa kuni huingia, na vidole ambavyo havijanawa huja kulifikicha. Tena lina joto na unyevunyevu, mazingira ambayo bakteria huyapenda sana. Mbona basi halioz​i?

Mwaka 1921, katika hospitali ya St Mary's jijini London, Alexander Fleming alikuwa na mafua. Akachukua kamasi yake mwenyewe akaiweka kwenye kisahani alichooteshea bakteria. Vidoa vya manjano vya bakteria vilivyokuwa karibu na kamasi vikayeyuka. Baadaye akajaribu machozi, hata akawa anawakamulia wenzake limau machoni ili ayapate. Maji yaliyokuwa na ukungu kwa wingi wa bakteria yalitiwa chozi, yakatakata. Mwuaji ni protini iitwayo laisozimu, ambayo imo pia kwenye mate, maziwa ya mama na ute wa yai la kuku.

Inamtambuaje adui? Kwa umeme. Uso wa bakteria una chaji hasi nyingi, na laisozimu ina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa na kung'ang'ania pale. Utando wa seli zetu, kwa upande wa nje, hauna chaji hasi nyingi kiasi hicho.

Sasa tazama ukuta wa bakteria kwa karibu. Umesukwa kama mkeka: minyororo mirefu ya sukari za aina mbili zinazopokezana ndiyo kili, na vipande vifupi vya protini ndiyo uzi unaozishona kili hizo pamoja. Laisozimu hukata ukili wenyewe, pale sukari moja inaposhikana na nyingine. (Penisilini, aliyoigundua Fleming huyo huyo mwaka 1928, huzuia ushonaji. Mkeka ni mmoja, ila kila mmoja anauharibu kwa njia yake, na mimi jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria.) Ndani ya bakteria mna msukumo mkubwa wa maji. Ukuta ukilegea, utando mwembamba ulio ndani yake hufutuka na kupasuka.

Wapo bakteria wenye koti la pili juu ya mkeka huo, mfano E. koli, bakteria wa utumboni. Laisozimu peke yake haiwapati kirahisi. Hapo huingia wenzake. Laktoferini, protini nyingine iliyo tele kwenye machozi, hulegeza koti hilo. Nyingine ni LL-37, kijiprotini cha asidi amino (vipande vinavyounda protini) 37 tu, kinachotolewa na ngozi na seli nyeupe za damu. Koti hilo hushikizwa na madini ya magnesiamu na kalsiamu; LL-37 huyasukuma kando, ikakaa mahali pake, kisha ikajipenyeza kwenye utando hadi uvuje. Utando wetu una kolesteroli, nayo husaidia kuukinga.

Bakteria nao hawakulala. Stafilokokasi, yule wa majipu, hubandika kemikali ndogo juu ya sukari za ukuta wake, na laisozimu ikija inakosa pa kukata. Halafu huupaka uso wake chaji chanya, na protini zenye chaji chanya zinasukumwa mbali badala ya kuvutwa. Ndiye huyo ambaye mara nyingi huotesha chokea kwenye kope, kandokando tu ya machozi.