Kukumbuka Kifo kwa Wastoiko: Maana Yake na Matumizi Yake ya Kila Siku

Kukumbuka kifo, katika falsafa ya Wastoiko, ni zoezi la makusudi: mtu anajikumbusha kwamba yeye na wote awapendao ni wa kufa, ili apime upya anachokihofia, anachokigombania na anachokiahirisha. Utulivu wa ndani ni tunda la zoezi hilo. Hapa ndipo Wastoiko husingiziwa sana, maana wengi hudhani walimtaka mtu awe gogo.

Shule yao ilianza Athens yapata mwaka 300 KK, mwanafalsafa Zeno alipokuwa akifundishia kwenye ukumbi wa nguzo ulioitwa Stoa. Wasomaji wa Biblia wamekutana nao katika Matendo ya Mitume 17, wakijadiliana na Paulo. Lakini maandishi yanayosomwa zaidi leo ni ya enzi ya Dola la Roma, na waandishi wake hawakulingana hata kidogo kwa hali. Epictetus alizaliwa mtumwa. Marcus Aurelius alikuwa kaisari tangu mwaka 161 hadi alipofariki mwaka 180, na alizika watoto wake kadhaa. Seneca alikuwa tajiri na mshauri wa Kaisari Nero, kisha mwaka 65 Nero huyohuyo akamwamuru ajiue.

Kijitabu cha mafundisho ya Epictetus, kilichokusanywa na mwanafunzi wake Arrian, kinaanza kwa kugawa mambo mafungu mawili: yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Maoni yetu na matamanio yetu yamo katika fungu la kwanza. Mwili, mali, sifa na cheo vimo katika la pili, kwani vinaweza kuondoka bila sisi kuulizwa. Kifo nacho kimo humo. Fikra zetu kuhusu kifo, hizo ni zetu. Ndiyo maana Epictetus alisema watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na maoni yao juu ya mambo hayo, na mfano alioutoa hapo ni kifo: kingekuwa cha kutisha chenyewe, Socrates, mwanafalsafa wa Athens aliyekikabili kifo kwa utulivu, naye angekiogopa.

Fundisho lake gumu zaidi linahusu watoto. Unapombusu mtoto wako, alisema, jikumbushe kwamba unambusu mwanadamu wa kufa. Ukilisoma haraka, utaona ukatili, kana kwamba mzazi anaambiwa apende nusunusu ili asiumie sana baadaye. Mimi nalielewa tofauti. Mzazi anayejua kwamba mtoto huyu hakuahidiwa kesho ana sababu zaidi ya kuweka simu chini na kumsikiliza. Marcus Aurelius alilinukuu fundisho hilo katika maandishi yake binafsi, na yeye hakuwa mtu wa kuchezea maneno ya msiba wa mtoto.

Je, mwenye kufanya zoezi hili haogopi kamwe? Kuna kisa kilichosimuliwa na Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2. Alikuwa safarini baharini, dhoruba ikachafuka, na miongoni mwa abiria alikuwamo mwanafalsafa wa Kistoiko. Gellius alimtazama na kuona uso umempauka kama wa wengine, ingawa hakupiga mayowe. Bahari ilipotulia, tajiri mmoja akamdhihaki: mwanafalsafa gani anayegeuka rangi? Baadaye Gellius alipomuuliza kwa adabu, mwanafalsafa alitoa mkobani kitabu cha mafundisho ya Epictetus na kumwonyesha jibu. Mshtuko wa kwanza humpata hata mwenye hekima, kwa sababu mwili hutangulia akili. Tofauti inakuja baada yake: mpumbavu anaukubali mshtuko ule kuwa ni ukweli, mwenye hekima anauzuia mlangoni na kuuhoji.

Kwa maisha ya kawaida, nadhani hili ndilo lenye faida kuliko yote. Umempigia simu ndugu yako usiku, hapokei, moyo unaruka. Kuruka huko si kosa. Kosa huanza pale unapoongeza mwenyewe, “Amepatwa na jambo,” halafu ukaiamini sentensi uliyoitunga. Unaloweza kufanya ni kuitenganisha habari na nyongeza: najua simu haijapokelewa, basi. Vivyo hivyo unaposubiri majibu ya vipimo hospitalini.

Seneca aliongeza jambo jingine. Katika barua yake ya kwanza kwa rafiki yake Lucilius, alisema tunakosea tunapokitazama kifo mbele yetu tu, kwa kuwa sehemu yake kubwa imeshapita. Miaka iliyo nyuma yetu tayari kimeichukua. Kwingineko alishangaa jinsi watu walivyo wagumu kutoa mali na wepesi kugawa muda wao kwa yeyote aombaye. Yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kuikagua siku yake kila usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akinyamaza, akipima upya aliyotenda na aliyosema. Alijihoji waziwazi, kisha akajisamehe na kulala.

Zoezi hili lina wakati wake, na kwa aliyefiwa jana au anayeelemewa na mawazo ya kujidhuru, wakati huo si sasa. Huyo anahitaji watu wa kukaa naye, na msaada wa kitabibu. Seneca aliruhusu machozi ya msiba. Alikiri kwamba rafiki yake Annaeus Serenus alipofariki, yeye mwenyewe alilia kupita kiasi, na sababu aliyoitoa ni kwamba hakuwahi kufikiri Serenus angetangulia, kwa kuwa alikuwa mdogo kwake kwa umri.