Zabuni ya taka hutolewaje, na kwa nini chupa zako zinaishia dampo

Kila halmashauri inapobadilisha mzoa taka, swali linalotufikia kwa wingi ni hili: kwa nini diwani amempa fulani kazi? Diwani hampi mtu kazi ya taka. Kama yupo aliyefanya hivyo, amevunja sheria.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ada. Kiasi ambacho nyumba, duka, baa au gereji italipa hupangwa na baraza la madiwani kwa sheria ndogo, nayo haitumiki mpaka iridhiwe na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo mzoa taka anayekuja mlangoni na bei aliyojipangia ana maswali ya kujibu. La pili ni kumpata huyo mzoa taka, na hapo madiwani hukaa pembeni. Kazi hiyo, hapa Tanzania, huongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi huandaa nyaraka, zabuni hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, kamati ya tathmini huchambua maombi, na bodi ya zabuni, ambayo wajumbe wake ni watumishi, ndiyo inayoidhinisha. Mkurugenzi wa halmashauri ndiye afisa masuuli. Mambo yakiharibika ataulizwa yeye. Kabla ya kusaini, waombaji wote hujulishwa nani anakusudiwa kupewa zabuni. Asiyeridhika hulalamika kwanza kwa mkurugenzi, kisha huweza kwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Utaratibu huo, kwa maoni yangu, si mbaya. Tatizo kubwa halimo kwenye nani anashinda. Limo kwenye kile alichoombwa afanye.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dar es Salaam ilikuwa ikizoa chini ya asilimia 5 ya taka zake. Mwaka 1994 jiji likaikabidhi kampuni binafsi kata 10 za katikati ya mji. Baraza la madiwani lilipovunjwa 1996, Tume ya Jiji iliyoshika nafasi yake iliupanua mpango huo hadi kata nyingine, ikaingiza vikundi vya wakazi kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Kata ya Hananasif, kwa mfano, ilihudumiwa na kikundi kilichoanzishwa na wanawake. Msingi wa malipo ulikuwa rahisi: mzoa taka akusanye ada mwenyewe kwa wananchi, ajilipe humo humo.

Msingi huo bado unaonekana katika mikataba mingi, na ndio unaoeleza tabia za mzoa taka wako. Anayeishi kwa ada za mlangoni atapita kwanza kwenye mitaa yenye walipaji na barabara inayopitika. Kule kwenye vichochoro ambako lori haliingii, na ambako ni kazi ya guta au mkokoteni, atakuja akikumbuka. Si lazima awe mkorofi, ni hesabu za mafuta tu. Na ukimpa mkataba wa mwaka mmoja, usitegemee atakopa benki anunue gari la maana. Atakodi fuso kuukuu lisilo na turubai, na nusu ya mzigo itarudi barabarani.

Mahali ambapo halmashauri yenyewe humlipa mzoa taka, hesabu hugeuka. Ukimlipa kwa safari, gari litafika dampo nusu tupu, mara nyingi kwa siku. Ukimlipa kwa tani, atafurahia taka zilizoloa mvua na mchanga uliofagiliwa barabarani. Tani, isitoshe, inahitaji mizani inayofanya kazi na mtu mwaminifu wa kuisoma.

Sasa urejelezaji. Fungua sehemu ya mkataba inayoeleza upeo wa kazi. Mara nyingi utakuta vitenzi vitatu: kuzoa, kusafirisha, kutupa. Kutenganisha hakumo. Mzoa taka aliyeshinda zabuni ya namna hiyo akipeleka kila kitu Pugu Kinyamwezi, dampo la Dar es Salaam, ametimiza wajibu wake wote, na afisa mazingira hana kifungu cha kumbana. Mwananchi naye aliyeweka chupa na maboksi kwenye mfuko wake, kama alivyofundishwa kwenye semina, anaona kwa macho yake vijana wa gari wakivichanganya na maganda ya ndizi.

Urejelezaji upo, lakini unafanyika nje ya mkataba. Waokota chupa hupita kabla ya gari, wanaouza kwa kilo kwenye vituo vya skrepa. Wengine wapo dampo kwenyewe. Wao ndio wanaoipunguzia halmashauri mzigo, bila kulipwa hata senti na halmashauri, na mara nyingine wakifukuzwa na mgambo. Zabuni ikitoa haki ya taka zote kwa kampuni moja bila kuwataja, inawafanya wezi wa kitu walichokuwa wakikiokoa.

Yapo mambo machache ambayo nyaraka za zabuni zingeweza kuyataja bila kubadilisha sheria yoyote. Siku maalumu ya kuzoa taka kavu. Kituo cha kuchambulia katika kila kata, na nani mwenye mali inayotoka humo. Alama katika tathmini kwa mwombaji mwenye mpango wa kutenganisha, ili asishinde tu yule mwenye bei ya chini. Taka za chakula ndizo sehemu kubwa ya taka za nyumbani kwetu, kwa hiyo zitajwe nazo. Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam, inacho kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Na lipo dirisha ambalo halitumiki vya kutosha: sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha waokota chupa kilichosajiliwa kinaweza kuomba kazi ya mtaa mmoja au kata moja kupitia dirisha hilo, na kukopa guta kupitia mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Wakati wa kuyasema haya ni kabla ya zabuni kutangazwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mpango wa ununuzi huandaliwa pamoja na bajeti, miezi kadhaa kabla. Mkisubiri mpaka gari jipya lionekane mtaani, mmechelewa. Kwenye mkutano wa mtaa, mwulizeni mwenyekiti na afisa afya wa kata: mkataba uliopo unaisha lini, mzoa taka analipwa kwa kigezo gani hasa, na risiti ya ada inatoka kwenye mashine ya halmashauri au kwenye kitabu cha mtu.